Kwa Nini Dawa ya Kichocho Ilikuwa Chungu?

Haya wanangu, nyoosheni mikono miwili mbele yenu. Viganja vitazame chini. Mnaona nini? Vidole vitano huku, vidole vitano kule. Gumba huku, gumba kule. Mikono miwili inafanana kama pacha.

Sasa wekeni mkono wa kulia juu ya mkono wa kushoto, viganja vyote bado vikitazama chini. Magumba yamekwenda wapi? Moja laelekea huku, jingine laelekea kule! Geuza upendavyo, zungusha upendavyo, hayalingani.

"Lakini Mjomba, nikisimama mbele ya kioo, mkono wangu wa kulia unaonekana kama wa kushoto."

Ahaa! Wewe una macho, mwanangu. Ndivyo hasa. Mkono wa kushoto ni sura ya mkono wa kulia kwenye kioo. Kila kitu sawa, ila mmoja hauwezi kukaa mahali pa mwenziwe. Kama hamniamini, mpe jirani yako mkono wa kulia, naye akupe wa kushoto. Umeona? Salamu haikamatani. Kulia ni kulia, kushoto ni kushoto.

Leo nina hadithi ya vitu vidogo mno, vidogo kuliko chembe ya unga wa ngano, ambavyo navyo vina kulia na kushoto. Ni hadithi ya dawa. Ndani yake mna konokono, mna ukwaju, na mna feri yetu hii ya Likoni. Tulieni basi, msisukumane.

Tuanze na konokono.

Mkivuka Feri, mkashuka Likoni, mkatembea mpaka Shelly Beach, tafuteni nyumba tupu za konokono wa baharini. Shika moja. Isimamishe, ncha iwe juu na mlango wake ukutazame wewe. Mlango uko upande gani? Kulia. Okota nyingine. Kulia. Okota ya tatu. Kulia tena. Konokono wengi duniani wamejisokota upande huo mmoja, na ukipata wa kushoto ufukweni, umeokota kitu cha nadra, uniletee nikione.

Lakini endelea na safari. Nenda ndani zaidi Kwale, huko Msambweni na Kinango, kwenye mabwawa na vijito visivyo na chumvi. Huko anaishi konokono mdogo, si mkubwa kuliko kucha ya kidole chako. Wataalamu humwita Bulinus. Huyu usimwokote! Mtazame kwenye picha tu. Ukimsimamisha, ncha juu, mlango wake uko kushoto. Ukoo wake mzima ni wa kushoto.

Tumwache aseme mwenyewe.

"Mimi," asema konokono, "nyumba yangu imejisokota kushoto. Babu yangu kushoto, nyanya yangu kushoto, na watoto wangu, kama nitajaliwa, watakuwa kushoto. Msinicheke."

"Hatukucheki, konokono. Lakini mbona watu wanakuogopa?"

"Wananiogopa kwa ajili ya mgeni wangu. Mtu mwenye kichocho akikojoa majini, mayai ya mnyoo huingia majini pamoja na mkojo. Yakianguliwa, kitoto cha mnyoo hunitafuta. Hupenya mwilini mwangu, hula chakula changu, huzaliana humu humu ndani. Aliyeingia ni mmoja, wanaotoka ni maelfu! Nao hupenda kutoka mchana, jua likiwa kali, wakati uleule watoto wanapokuja kuoga. Huogelea, huogelea, mpaka wapate ngozi ya mtu. Wakiipata, hupenya. Nami huachwa hoi. Hata kuzaa siwezi tena. Basi mkimwonea huruma mtoto mwenye kichocho, mnionee na mimi kidogo."

Ahsante, konokono. Tumekusikia.

"Mjomba, nikiogelea hapa baharini nitapata kichocho?"

Swali zuri sana hilo, na wakubwa wengi hawaliulizi. La, hutapata. Konokono huyu haishi kwenye maji ya chumvi. Ila usiogelee hapa Feri hata hivyo. Mkondo wa Kilindini una nguvu, na propela za feri hazimwoni mtoto.

Mnyoo akishapenya mwilini hukua. Yule wa huku kwetu pwani hukaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu, hutaga mayai, na mayai hayo yana mwiba. Ndiyo maana mtoto mwenye kichocho huona damu kwenye mkojo wake. Si jambo la kuonea haya. Ni ugonjwa, na una dawa.

Dawa yenyewe inaitwa prazikwanteli. Iligunduliwa Ujerumani katika miaka ya 1970. Ni dawa njema, imetibu mamilioni ya watu. Wale mliosoma skuli za Kwale mnaijua. Mwalimu huleta fimbo ndefu yenye alama, unasimama kando yake, na urefu wako ndio unaosema utameza vidonge vingapi. Vidonge vyenyewe ni vikubwa, miligramu 600 kila kimoja.

Na ni vichungu. Jamani, ni vichungu!

"Kwa nini ni vichungu, Mjomba? Wameshindwa kutia sukari?"

Hapo ndipo hadithi inapoanza. Sogeeni.

Kila kitu kimejengwa kwa chembe ziitwazo molekuli. Maji ni molekuli, sukari ni molekuli, dawa ni molekuli. Na molekuli nyingi za vitu vyenye uhai zina kulia na kushoto kama mikono yenu. Ndani ya kidonge kile mlikuwa na molekuli za aina mbili, pacha wa kioo. Mmoja tumwite Kulia, mwingine tumwite Kushoto. Atomu ni zilezile, idadi ileile, zimeshikana kwa mpangilio uleule. Tofauti yao ni ile ya mikono yenu tu.

Kulia huua mnyoo. Kushoto hana kazi ya maana. Na yule asiye na kazi, wanangu, ndiye mchungu zaidi!

Hebu tupige hesabu. Mtoto wa kilo 45 hupewa vidonge 3, yaani miligramu 1,800. Nusu yake, miligramu 900, ni Kulia. Miligramu 900 nyingine ni Kushoto. Kwa hiyo mtoto yule amemeza kidonge kizima na nusu cha uchungu wa bure.

"Mnyoo anajuaje huyu ni Kulia na huyu ni Kushoto? Mnyoo ana macho?"

Hana macho ya kuona hayo. Lakini mwili wake umejengwa kwa molekuli zenye mkono, kama mwili wako na wangu. Dawa ikifika, ni kama ile salamu mliyojaribu sasa hivi. Kulia akinyoosha mkono, unakamatana. Kushoto akinyoosha mkono, haukamatani. Kulia ni kulia, kushoto ni kushoto.

Pua yako pia inajua. Nenda jikoni, umwombe mama jani la nanaa, lile la kutia chaini, ulisugue vidoleni na kulinusa. Kisha mwombe kisibiti. Si uzile, ingawa vinafanana sana kwa sura. Kisibiti. Ponda punje chache, unuse. Harufu mbili mbalimbali kabisa, sivyo? Sehemu kubwa ya harufu ya nanaa hiyo ni molekuli iitwayo kavoni. Na sehemu kubwa ya harufu ya kisibiti ni kavoni hiyohiyo, ila ni pacha wake wa kioo. Mmoja kaenda kwenye chai, mwingine kaenda kwenye viungo, na pua yako imewatenganisha bila kufundishwa na mtu.

"Molekuli inapataje mkono, na haina mwili?"

Mtoto huyu! Haya, mnataka kuona? Leteni ndimu mbili, vijiti vinane vya kuchokonolea meno, karafuu nne, iliki mbili, pilipili manga mbili na kokwa mbili za ukwaju. Kwa iliki na kokwa mtahitaji kutoboa tundu kwanza, kwa hiyo mwiteni mkubwa awasaidie, kisu si mchezo.

Ndimu ni atomu ya kaboni. Kaboni hupenda kushika majirani wanne. Choma vijiti vinne kwenye ndimu ya kwanza, kila kimoja kiwe mbali na wenzake kadiri kinavyoweza. Kimoja juu, vitatu vimetawanyika chini kama miguu ya kigoda. Kwenye ncha ya kile cha juu tia karafuu. Kwenye vile vya chini, ukizunguka, tia iliki, pilipili manga, kokwa. Hiyo ni molekuli ya kwanza.

Ya pili, juu weka karafuu vilevile. Chini, zunguka upande wa pili, iliki, pilipili manga, kokwa.

Sasa jaribu kuzilinganisha. Karafuu kwa karafuu, iliki kwa iliki, vyote vinne pamoja. Geuza, inamisha, pindua. Ukilinganisha viwili, viwili vinakataa. Umekaa hapo mpaka adhana ya alasiri na bado hazilingani! Kwa nini? Kwa sababu umetengeneza pacha wa kioo.

Ngojeni, bado kidogo. Toa iliki kwenye kila ndimu, uweke karafuu nyingine. Sasa kila ndimu ina karafuu mbili. Jaribu tena. Hee! Zimelingana. Majirani wote wanne wakiwa tofauti, kaboni ina mkono. Wawili wakiwa sawa, mkono umetoweka. Hilo nililowaonyesha kwa ndimu, vijana husoma chuo kikuu, na wengine hutoka wakiwa bado hawajaliona kwa macho yao.

"Basi Mjomba, kwa nini waliotengeneza dawa hawakutengeneza Kulia peke yake?"

Kwa sababu ni kazi ngumu, mwanangu. Ngumu kwelikweli.

Mara nyingi mwanakemia huanza na molekuli iliyo bapa. Bapa haina mkono. Kisha huongeza jirani mpya. Jirani huyo anaweza kupanda kutoka juu, au kutoka chini. Akipanda kutoka juu, umepata Kulia. Akipanda kutoka chini, umepata Kushoto. Na yeye hajali, juu na chini kwake ni mamoja. Mwisho wa siku chunguza chupa yako. Nusu Kulia, nusu Kushoto. Kila siku nusu kwa nusu.

Mtu wa kwanza kuwatenganisha pacha hawa kwa mkono wake alikuwa Mfaransa, Louis Pasteur, mwaka 1848. Alikuwa kijana wa miaka 25. Alikuwa na chumvi ya asidi ya tartari, akaikausha ikawa fuwele. Akazitazama kwa lenzi. Akaona baadhi ya fuwele zina ukingo uliokatika upande huu, na nyingine zina ukingo uliokatika upande ule. Zilikuwa sura za kioo! Akachukua kibanio, akakaa kuchambua, hii huku, hii kule, kama anayechagua mawe kwenye mchele. Alipoziyeyusha kila fungu mbalimbali na kupitisha mwanga, fungu moja likauzungusha mwanga kulia, jingine likauzungusha kushoto.

"Asidi ya tartari ndiyo nini?"

Umeila! Kama umewahi kula viazi karai pale ufukweni Mama Ngina, ukachovya kwenye ule ukwaju mwekundu mwepesi wenye pilipili, ukakunja uso na kufumba jicho moja, basi umeila. Ukali wa ndimu ni asidi nyingine. Ukali wa ukwaju ni tartari. Pasteur yeye tartari yake ilitoka kwenye zabibu, maana kwao zabibu ni nyingi. Na mti wa mkwaju una ajabu yake. Tartari unayoitengeneza ni ya mkono mmoja. Hauchanganyi. Mwanakemia ana vyombo vya thamani, naye anapata nusu kwa nusu. Mkwaju hauna chombo hata kimoja, nao haukosei.

Mkwaju unaweza kwa sababu ndani yake mna wasaidizi, nao wenyewe wana mkono. Basi wanakemia wakajiuliza, je, na sisi tukitengeneza msaidizi mwenye mkono?

Msaidizi wa namna hiyo huitwa kichocheo. Kichocheo, si kichocho. Nimewaona mnaotaka kucheka.

Kichocheo ni nini? Tazama feri. Feri inakuchukua kisiwani, inakuvusha, inakushusha Likoni. Je, feri imeisha? Haikuisha. Inarudi kuchukua wengine. Bila feri ungezunguka mbali sana, au usingefika kabisa. Feri moja, watu maelfu kila siku, na jioni feri ni ileile. Kichocheo nacho hushika molekuli, huifanyia wepesi, huiachia, kisha hushika nyingine.

Sasa tazama tena, maana feri ina siri ya pili. Ina milango miwili, mmoja huku na mmoja kule. Ikitia nanga upande wa kisiwa, unashushwa mlango wa upande wa kisiwa tu. Ule wa pili umeinuliwa. Hata mwende mbio vipi, hata mkasukumana vipi, mtaingia kwa mlango mmoja. Kichocheo chenye mkono ndivyo kilivyo. Huishika ile molekuli bapa na kuufunga upande mmoja. Jirani mpya akija, hana hiari, hupanda upande uliofunguliwa. Kila mara upande huohuo. Ukichunguza chupa yako jioni, karibu zote ni Kulia.

Mmeelewa? Aliyeelewa amweleze aliye pembeni yake, taratibu, bila kumcheka.

Nitawapa mfano mmoja wa kweli, na mtaufurahia, kwa sababu ukwaju unarudi. Mwaka 1980, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kulikuwa na profesa aitwaye Barry Sharpless. Kwake alikuwapo kijana kutoka Japani, Tsutomu Katsuki. Kijana huyu alikuwa amekwisha pata shahada ya udaktari, lakini bado alikuwa anajifunza kwa kufanya kazi kwa mwenziwe aliyemtangulia.

"Amekuwa daktari, na bado anasoma? Anachoma sindano?"

Hapana, huyu si daktari wa sindano. Ni daktari wa elimu. Mtu akimaliza skuli, akamaliza chuo, akaandika kitabu kizima juu ya jambo moja, huitwa daktari. Kisha wengine huondoka kwao, wakaenda maabara ya mbali kwa mwaka mmoja, miwili au zaidi, kukaa na fumbo ambalo hakuna anayejua jibu lake. Huitwa watafiti wa baada ya udaktari. Si maprofesa, si wanafunzi. Mishahara yao midogo, mikataba yao mifupi, na kazi nyingi ya mikono maabarani ni yao. Mimi husema dunia haiwashukuru vya kutosha.

Katsuki na Sharpless walichukua madini ya titani. Wakayaunganisha na tartari. Ndiyo, tartari, ukali wa ukwaju, ila imegeuzwa kidogo ili ikubali kushikana na titani. Titani hiyo ndiyo iliyoshika molekuli, na tartari ikafunga upande mmoja. Oksijeni ikaja, ikapanda upande uliobaki. Walipotumia tartari ya mkono ule, walipata pacha huyu. Walipotumia tartari ya mkono wa pili, walipata pacha yule. Mtu anachagua!

Mwanzoni feri yao ilikuwa na kasoro. Walihitaji titani nyingi mno, karibu feri moja kwa kila abiria, na feri ya namna hiyo itavusha mji gani? Baadaye, mwaka 1986, maabara ya Sharpless ilionyesha dawa ya tatizo hilo. Matone ya maji yaliyojificha ndiyo yaliyokuwa yakiharibu kazi. Wakatia madini yanayonyonya maji, na kuanzia hapo titani kidogo ikatosha.

Wakaitumia kutengeneza nini? Mojawapo ni harufu ya nondo. Kuna nondo ambaye viwavi wake hula majani ya miti ya misitu Ulaya na Marekani. Jike hutoa harufu, na dume huifuata gizani kutoka mbali. Molekuli ya harufu hiyo ina mkono. Pacha mmoja humvuta dume. Pacha wa pili hamvuti, na akichanganywa na mwenziwe huharibu mambo. Kwa kichocheo hiki waliweza kumtengeneza yule mmoja tu, na wakulima wa misitu wakatega mitego.

Mwaka 2001 Sharpless alipewa Tuzo ya Nobel, pamoja na Mmarekani William Knowles na Mjapani Ryoji Noyori, ambao nao walitengeneza vichocheo vyao vyenye mkono. Katsuki alirudi Japani akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Kyushu. Mwaka 2021 Nobel ya kemia ilirudi palepale, ikaenda kwa Benjamin List na David MacMillan, walioonyesha kwamba hata molekuli ndogo zisizo na madini zinaweza kufanya kazi hiyo.

Nisisahau jambo moja, maana wengine wenu najua mtakuwa wanakemia. Sharpless ana jicho moja linaloona. Mwaka 1970, alipokuwa profesa kijana, kijibomba cha kioo kilipasuka alipokuwa akikitazama, naye hakuwa amevaa miwani ya kujikinga. Hakuacha kazi, na Nobel ya pili akaipata mwaka 2022. Lakini jicho halikurudi. Miwani kwanza, udadisi baadaye.

"Mjomba, na dawa ya kichocho? Umeisahau!"

Sijaisahau, nilikuwa naizunguka tu. Hongera kwa kunishika shati.

Huko Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, mwanakemia Matthew Todd na wenzake walijitwika swali hilohilo lenu. Tumpateje Kulia peke yake, kwa bei ambayo dawa ya maskini inaiweza? Wakafanya jambo ambalo wanasayansi wengi hawalifanyi. Waliweka daftari zao za maabara wazi kwenye intaneti, kila mtu aone, aliye na ushauri aseme. Watu wakasema. Mwaka 2011 wakachapisha jibu.

Na jibu lenyewe halikuwa feri. Nilidhani mtashangaa! Waliona kwamba kwa dawa hii njia nyepesi ni kutenganisha, kama alivyofanya Pasteur, ila si kwa kibanio. Walitumia asidi yenye mkono. Ukiitia kwenye mchanganyiko wa pacha, humshika mmoja wakaganda pamoja chini, na mwingine akabaki kwenye kimiminika. Na asidi hiyo yenye mkono imetokana na nini? Semeni wote kwa pamoja. Tartari! Hasara yake ni kwamba Kushoto ulishamtengeneza, umegharamia, na sasa anakukalia tu maabarani. Ndiyo maana watafiti hawachoki kutafuta vichocheo.

Sasa nitakasirika kidogo, mnivumilie. Vidonge vile vikubwa vilifaa watoto wa skuli. Wadogo zenu je? Mtoto wa miaka miwili humezaje kidonge kikubwa, tena kichungu? Wauguzi walivunja, wakasaga, wakachanganya na juisi, na mtoto akatema. Na mtoto wa miaka miwili hukaa bwawani pia, maana mama yake anafua hapo. Duniani watoto wa umri huo wanaohitaji dawa ya kichocho wanakisiwa kuwa milioni 50. Dawa ilikuwapo tangu miaka ya 1970. Wadogo walingoja zaidi ya miaka 40. Ungekuwa ugonjwa wa matajiri, wangengoja hivyo? Mimi sidhani.

Mwaka 2012 uliundwa muungano wa kuwatengenezea watoto dawa yao, na taasisi yetu ya utafiti wa tiba, KEMRI, ikawa ndani yake. Kidonge kipya ni kidogo, miligramu 150, kinayeyuka kwenye maji, na ndani yake yumo Kulia peke yake. Kushoto hayumo. Jina lake limebadilika kidogo tu, arprazikwanteli. Kilijaribiwa kwa watoto wa Kenya na wa Côte d'Ivoire, kuanzia miezi 3 hadi miaka 6, na wengi wao walipona. Desemba 2023 Shirika la Dawa la Ulaya likakipitisha. Mei 2024 Shirika la Afya Duniani likakiweka kwenye orodha ya dawa zilizothibitishwa ubora wake.

Kidonge hicho hakizuii kichocho kuingia. Kinaua mnyoo aliyekwisha ingia, basi. Ukirudi bwawani kesho, mnyoo mwingine anakungoja. Kwa hiyo mkienda Kwale kwa nyanya, msioge bwawani wala kijitoni, hasa mchana. Haja ndogo ni chooni, kamwe si majini. Na ukiona damu kwenye mkojo wako, au wa mdogo wako, usifiche wala usione haya. Mwambie mama siku hiyohiyo mwende zahanati.